Pingamizi la ujenzi lifike kabla ya kibali kutolewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalomgusa kila anayeishi karibu na kiwanja ambacho siku moja kitajengwa, yaani karibu kila msomaji wako. Malalamiko kuhusu majengo mapya huanza kusikika pale uzio wa mabati unapokuwa umeshasimamishwa na shimo la msingi limeshachimbwa. Wakati huo uamuzi umepita zamani, na wale waliokuwa na haki ya kusema hawakusema kwa sababu hawakujua kwamba zilikuwapo siku zilizotengwa kwa ajili hiyo. Haki ya mkazi kutoa maoni ina tarehe ya mwisho, na ina mipaka ya mambo yanayoweza kuzingatiwa. Mamlaka inayoitangaza haki hiyo bila kueleza tarehe wala mipaka yake inampa mkazi nusu tu ya kile ambacho sheria imemkusudia.

Utaratibu wenyewe si mgumu ukielezwa. Anayetaka kujenga, kuongeza ghorofa, au kubadili matumizi ya jengo, kwa mfano kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa ghala, hupeleka ombi kwa mamlaka ya mipango ya eneo husika pamoja na ramani ya kiwanja, michoro ya jengo na maelezo ya matumizi yanayokusudiwa. Mradi mkubwa huambatanishwa na ripoti za ziada, kama vile tathmini ya athari kwa mazingira au makadirio ya magari yatakayoingia na kutoka. Ofisi ikiridhika kwamba hati zimekamilika, hulipatia ombi namba ya kumbukumbu na kulitangaza. Afisa mipango hukagua eneo, huomba ushauri wa wataalamu wa barabara, maji na zimamoto, husoma maoni ya wananchi, kisha huandika ripoti yenye pendekezo. Mara nyingi maombi madogo huamuliwa na maafisa kwa madaraka waliyokasimiwa, na yale makubwa au yenye ubishi hupelekwa mbele ya kamati. Mwisho ombi hukubaliwa, hukubaliwa kwa masharti, au hukataliwa.

Mfumo wa kumtaka mwenye ardhi aombe ruhusa kabla ya kuiendeleza ulipata sura yake ya kisasa nchini Uingereza kwa sheria ya mwaka 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948, na makoloni mengi yaliurithi. Nafasi ya mkazi wa kawaida, hata hivyo, ilikuja kupanuliwa baadaye: mwaka 1969 kamati ya serikali ya nchi hiyo, iliyoongozwa na Arthur Skeffington, ilipendekeza kwamba wananchi washirikishwe wakati mipango ingali inaandaliwa. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 kuhusu haki za wananchi katika masuala ya mazingira, unaozihusu zaidi nchi za Ulaya, unataka ushirikishwaji uanze mapema, wakati njia zote za uamuzi zingali wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeutaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya kitaifa. Nayataja haya kwa sababu bado wapo maafisa wanaoyachukulia maoni ya wakazi kama fadhila wanayoitoa wakipenda, ilhali ni wajibu wa kisheria ambao ukipuuzwa unaweza kuubatilisha uamuzi mzima.

Kuhusu tarehe, nchi hutofautiana, na mkazi hana budi kuujua utaratibu wa mahali alipo. Nchini Uingereza, muda wa kawaida wa kutoa maoni kuhusu ombi ni siku 21 tangu tangazo libandikwe au barua zipelekwe kwa majirani, na mamlaka hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya wiki 8 kwa maombi ya kawaida na wiki 13 kwa makubwa. Nchini Ireland muda wa kutoa maoni ni wiki 5 tangu ombi lipokelewe, na mtoa maoni hulipa ada ya yuro 20. Muda huu ni mfupi kiasi gani! Mtu anayefanya kazi kutwa, asiyepita mbele ya kiwanja chenyewe, anaweza kumaliza wiki 3 bila kuiona karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Ndiyo maana nawasihi majirani wagawane kazi hii: mmoja awe anapitia daftari la maombi katika ofisi ya mipango au kwenye tovuti yake kila wiki, na akiona ombi la eneo lao awajulishe wenzake siku hiyohiyo. Daftari hilo ni kumbukumbu ya umma, na hakuna anayepaswa kuulizwa kwa nini anataka kulisoma.

Jambo linalowaangusha wengi zaidi ni maudhui ya maoni yenyewe. Afisa mipango hapimi wingi wa hasira. Anapima hoja ambazo sheria na mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo vinamruhusu kuzizingatia. Katika mifumo mingi inayofuata mkondo wa Uingereza, hoja hizo ni pamoja na mwanga wa jua kuzibwa, madirisha mapya kuchungulia faragha ya nyumba jirani, msongamano wa magari na usalama wa watembea kwa miguu, kelele na harufu zitokanazo na matumizi mapya, uwezo wa mitaro kubeba maji ya mvua, hatari ya mafuriko, miti iliyohifadhiwa na majengo ya kihistoria. Kwa kawaida hazizingatiwi hoja za kushuka kwa thamani ya nyumba ya jirani, kupotea kwa mandhari aliyokuwa akiyaona dirishani mwake, ushindani wa kibiashara, ugomvi wa mpaka wa kiwanja, ambao una vyombo vyake vya kuusuluhisha, wala tabia ya mwombaji. Inauma, najua, kuambiwa kwamba hasara ya mali yako haihesabiwi. Lakini barua ya kurasa 4 inayoizungumzia hasara hiyo peke yake huwekwa kando, wakati aya moja inayoonyesha kwamba mchoro hauna njia ya kutolea maji ya paa humlazimu afisa kumrudia mwombaji na kutaka maelezo.

Mkazi anayetaka kusikilizwa na aisome michoro kwanza. Aangalie kipimo cha ramani, umbali kutoka ukuta mpya hadi mpaka wake, urefu wa jengo, mahali pa kuingilia magari, na mahali ambapo majitaka yataelekezwa. Kisha aandike namba ya ombi juu ya barua, ataje anwani ya eneo, aseme wazi kama anapinga, anaunga mkono au ana maoni tu, na aeleze athari kwa kutaja kitu kinachoweza kukaguliwa. Kusema "jengo hili litatuharibia mtaa" hakumpi afisa chochote cha kushika. Kusema kwamba jengo la ghorofa 5 limekusudiwa mahali ambapo mpango wa eneo unaruhusu ghorofa 2, na kwamba barabara ya kuingilia haitoshi magari mawili kupishana, kunampa mambo mawili ya kwenda kuyapima. Akumbuke pia kwamba mara nyingi barua yake itakuwa wazi kwa umma pamoja na jina lake, hivyo asiandike tuhuma asizoweza kuzithibitisha.

Idadi ya sahihi si kura. Orodha ya majina 300 chini ya sentensi moja huonyesha kwamba wakazi wamekereka, na hilo lina maana yake kwa wanasiasa wa kamati, lakini barua chache zinazotofautiana, kila moja ikieleza jambo ambalo mwandishi wake analijua kwa kuishi pale, husaidia zaidi wakati ripoti inaandikwa. Anayeijua njia ya maji wakati wa mvua kubwa aandike kuhusu maji, na mzazi ambaye watoto wake huvuka barabara hiyo kwenda shule aandike kuhusu uvukaji.

Tena si kila maoni lazima yawe pingamizi. Wakazi wengi hudhani wanaweza kuchagua kukubali au kukataa tu, wakati sehemu kubwa ya manufaa hupatikana katika masharti. Mamlaka inaweza kuweka sharti kuhusu saa za ujenzi, kioo kisichoonyesha upande wa pili kwa dirisha linaloelekea nyumba ya jirani, upandaji wa miti, au mtaro kukamilishwa kabla jengo halijaanza kutumika. Kwa mradi unaofuata mpango wa eneo na ambao kwa hakika utakubaliwa, kuomba sharti lililo wazi kuna faida kuliko kupinga kila kitu. Sharti likivunjwa baadaye, mkazi ana msingi wa kuitaka mamlaka ichukue hatua. Na mwombaji akibadilisha michoro katikati ya safari, mkazi aulize kama muda wa maoni utafunguliwa upya, maana barua aliyoandika kuhusu mchoro wa kwanza huenda isiuguse wa pili.

Baada ya uamuzi, milango hupungua, na hapa tofauti za sheria ni kubwa. Nchini Uingereza mwombaji aliyekataliwa anaweza kukata rufaa, lakini jirani asiyeridhika na kibali hana rufaa ya namna hiyo. Kinachobaki kwake ni kuomba mapitio ya mahakama kuhusu uhalali wa utaratibu, ndani ya wiki 6. Nchini Ireland jirani anaweza kukata rufaa ndani ya wiki 4, kwa kawaida akiwa alitoa maoni kwa wakati wake. Aliyekaa kimya mwanzoni hujikuta nje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inampa mtu mwenye maslahi siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya uratibu. Mifano hii yote inarudi palepale: kimya cha mwanzo kina gharama kubwa mwishoni.

Ushirikishwaji wa kuigiza nao una gharama kwa mwekezaji mwenyewe. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Lamu, mradi uliokusudiwa kutoa megawati 1,050, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari zake. Miaka ya maandalizi ilirudishwa nyuma kwa kasoro ambayo ingeweza kuepukwa.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za mipango zilitengeneze upya tangazo lenyewe. Liandikwe kwa lugha inayosomwa na wakazi wa eneo, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama barabarani. Lionyeshe urefu wa jengo na matumizi yake kwa sentensi moja, na tarehe ya mwisho ya maoni iwe juu kabisa badala ya kufichwa chini ya vifungu vya sheria. Kanuni za mipango za Ireland za mwaka 2001 zilifikia hatua ya kutaka bango liwe la manjano pale ombi jingine linapowasilishwa kwa kiwanja kilekile ndani ya miezi 6, ili mpita njia asidhani ni lile aliloliona awali. Huko ndiko kumjali msomaji wa tangazo.

Kwako, Mhariri, ninalo ombi la mwisho. Matangazo ya maombi ya ujenzi hulipiwa na huchapishwa katika magazeti, mara nyingi kwa herufi ndogo kwenye kurasa za ndani. Gazeti lako likitenga safu fupi kila wiki ya kuyataja maombi makubwa, maeneo yake na tarehe za mwisho za kutoa maoni, wasomaji watayaona wakati ambapo barua zao bado zinapokelewa.

Wako mtiifu,
Msomaji