Salamu za Krismasi kwa Mstari wa Mbele

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Na kwa wenyeji wetu wa hapa Ugogoni, mbukwenyi!

Ndugu wachezaji, makocha, wazazi na walezi, wake zetu na dada zetu mliofua jezi zenye vumbi jekundu mwaka mzima, na majirani wa kiwanja mliotuvumilia kelele: kwa niaba ya kamati ya klabu yetu ya raga nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya 2025. Najua wengine mnasoma salamu hizi mkiwa ndani ya basi la kwenda Moshi, wengine mmeshafika Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, na wengine hamkusafiri kabisa kwa sababu mvua za kwanza zimeshanyesha na shamba la uwele halisubiri sikukuu. Popote ulipo, pokea salamu.

Kila mwaka salamu hizi huwa za wote kwa usawa. Safari hii naomba mniruhusu nianze na watu ambao mashabiki hawajawahi kuwaita majina wakiwa kiwanjani: mapropu na mahuka wetu, watu wa mstari wa mbele. Msimu wetu wa ligi umesimama juu ya mabega yao, na ningependa familia zao zilijue hilo kabla ya kukaa mezani siku ya Krismasi.

Mama mmoja aliniambia mwezi wa nane, "Mwanangu anasema anacheza raga, lakini kila nikija simwoni. Naona mgongo tu." Nikamjibu, "Mama, umemwona. Kazi yake ndiyo hiyo." Akacheka, lakini aliondoka bila kuelewa, na hakuwa peke yake. Basi nieleze vizuri.

Mpira ukidondoshwa mbele, mwamuzi anatoa skramu. Watu wanane wa kila upande wanashikamana, watatu mbele na watano nyuma wakisukuma. Wale watatu wa mbele, propu wa kushoto, huka katikati na propu wa kulia, ndio wanaokutana na wapinzani bega kwa bega, vichwa vikiwa vimepishana. Mwamuzi anaita hatua tatu: inama, shika, ingia. Kuanzia hapo nguvu ya watu 16 inapita kwenye shingo na migongo ya watu sita. Ndiyo maana sheria za raga hazimruhusu mtu yeyote tu asimame pale. Asiyefundishwa anaweza kuumia shingo na asipone. Kikosi cha wachezaji 15 lazima kiwe na watatu waliofundishwa kazi hiyo. Kikiwa na 19 hadi 22, lazima wawe watano. Wakipungua, mwamuzi anaamuru skramu zisizo na kusukumana: mnashikana kwa sura tu, mpira unatoka, mchezo unaendelea.

Hayo ndiyo yaliyotukuta msimu wa mwaka jana. Propu mmoja alipata uhamisho wa kazi kwenda Mbeya, mwingine aliumia goti, na timu ya Arusha ikaja kwetu ikiwa imeamka alfajiri kupita Babati na Kondoa. Walikuwa wamejiandaa kwa skramu. Walizikuta za kushikana tu. Hawakutoa neno baya hata moja, lakini kupeana mikono siku ile kulikuwa kwa baridi, na vijana wetu walilisikia hilo kuliko kufungwa.

Mwezi wa kwanza kocha akaanza kutafuta shingo. Alimpata fundi ujenzi anayebeba zege kwenye majengo ya Mtumba. Akampata mlinzi wa usiku aliyekuwa akipita kiwanjani kila jioni akienda kazini, akisimama dakika chache kutazama kisha anaendelea na safari. Akampata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyekuja kwa nia ya kuwa winga, na mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye alisema wazi tangu siku ya kwanza kwamba wakati wa mavuno tusimhesabu. Nanyi mnajua zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tulikubali. Mtu anayekwambia ukweli wa ratiba yake mapema ni bora kuliko anayeahidi halafu hapokei simu Ijumaa usiku.

Mashine ya skramu hatuna. Fundi wa kuchomelea wa Chang'ombe alituungia fremu ya vyuma chakavu, mbele tukafunga magodoro ya zamani, juu tukapanga mifuko ya mchanga. Pale ndipo nilipoona kazi hii inavyofundishwa. Kocha alikuwa anapiga magoti pembeni ya yule fundi, anashika kisigino chake kwa mkono na kukisogeza nje kidogo, anarudi nyuma kutazama mgongo kama umenyooka, anakisogeza tena. Jioni nzima kwa kisigino kimoja. Fundi hakulalamika. Siku ya pili alikuja na mguu umewekwa mahali pake, akauliza, "Kocha, na mkono wa kushika je?"

Ramadhani ilipoingia mwezi Machi tulihamisha mazoezi ya mstari wa mbele yawe baada ya futari, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wamefunga na kusukuma chuma na mchanga bila maji kutwa nzima si jambo la kumtaka binadamu. Wenzao Wakristo walianza kuja mapema na tende na uji wa moto, wakakaa nao, ndipo kazi ikaanza. Hakuna aliyepitisha azimio la kamati kuhusu hilo. Lilitokea tu, na ni katika mambo yaliyonifurahisha sana mwaka huu.

Ligi yenyewe tulianza kwa kusuasua. Mvua za mwanzoni mwa mwaka zilikuwa nyingi kuliko Dodoma ilivyozoea, kiwanja kikajaa maji upande wa kaskazini, na maji yalipokauka ikaota mbigili. Asiyeijua mbigili ya Dodoma hajawahi kuwekwa chini kwenye kiwanja chetu. Jumamosi asubuhi kabla ya mechi tulikuwa tunajipanga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, majembe na viroba mkononi, tunatembea taratibu tunang'oa. Watoto wa mtaani walijiunga, na baadaye wakawa wanatuonyesha tulizoziruka. Chokaa ya mistari ilikuja mwisho, na kama upepo wa mwezi wa nane ulikuwa na yake, chokaa hiyo tuliichora mara mbili.

Nije kwenye mechi ya nyumbani na timu ya Dar es Salaam, maana ndiyo inayozungumzwa hadi leo. Treni ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ilianza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai, na Rais Samia akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Kwa timu za ridhaa kama sisi hilo limebadilisha maisha. Zamani kuja Dodoma kucheza kulimaanisha kukodi Kosta, kukaa barabarani kutwa, na kushuka miguu imekufa ganzi. Safari hii wageni walipanda treni, wakafika na mabegi yao kama watu wanaokwenda kazini, na mchana walikuwa wanapasha misuli moto wakiwa na nguvu zote. Tuliwapokea stesheni kwa bajaji. Moyoni nilijiuliza kama ni heri yetu wafike wamepumzika hivyo!

Zilikuwa dakika 80 ngumu. Wao walikuwa na mbio, sisi tulikuwa na skramu. Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tano, wao wakaudondosha mpira mbele, skramu mita tano kutoka mstari wao wa trai. Trai moja, yaani kuuweka mpira chini kwenye mstari huo au nyuma yake, ni pointi tano, na teke la nyongeza mbili. Kiwanja kizima kilijua hesabu hiyo. Yule mlinzi alikuwa propu wa kulia, ametoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, amelala kidogo, amekuja. Mwamuzi akaita: inama, shika, ingia. Waliingia, wakasukuma hatua moja, ya pili, nikamwona huka wao anainuka juu kama mtu aliyenyanyuliwa kutoka kwenye kiti. Kuinuka hivyo ni kosa. Penalti kwetu. Tukachagua skramu tena. Safari ya pili mpira ulitoka, ukafika kwa namba tisa, mchezaji anayeuchukua nyuma ya skramu, akapiga pasi, ikaponyoka mikononi sentimita chache kabla ya mstari. Filimbi. Mchezo umekwisha.

Tulifungwa. Lakini kwa kanuni za ligi, anayefungwa kwa tofauti ya pointi saba au pungufu hupata pointi moja ya bonasi, na pointi ile ndiyo iliyotufanya tuwapite wenzetu waliotufuata kwenye msimamo. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba nahodha wa wageni alipita kwa wachezaji wetu wote haraka haraka, alipofika kwa wale watatu wa mbele akasimama, akamshika kila mmoja kichwa kwa mikono miwili. Nadhani ule ubaridi wa mwaka jana uliishia pale, ingawa hii ilikuwa timu nyingine. Jioni tukala pamoja kama desturi ya raga inavyotaka, ugali wa mtama, mlenda na nyama choma, na mgeni mmoja aliyekuwa haujui mlenda akaomba kuongezwa.

Katika mechi hiyo hiyo kuna jambo lingine sipendi lipite kimya. Winga wetu mdogo aligongwa kichwa kipindi cha pili. Alisimama, akasema yuko sawa, akaanza kwenda upande usio wake. Daktari wetu wa kujitolea akamtoa. Kijana alilia akiomba arudi, na baadhi ya mashabiki walimzomea daktari kwa sababu tulihitaji mbio zake. Nasema kwa nafasi yangu na kwa dhati: daktari alikuwa sahihi, na atakuwa sahihi kila mara. Anayedhaniwa kutikisika ubongo anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali. Mwongozo wa shirikisho la raga la dunia kwa wachezaji wa ridhaa ni kusubiri siku zisizopungua 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, na sisi tulizisubiri zote. Mama yake alinipigia kushukuru. Nilimwambia, "Mama, huyu ni wako kabla hajawa wetu." Wale mliozomea, nawaomba msimu ujao mpige makofi mchezaji akitolewa namna hiyo.

Nawashukuru pia waajiri waliobadilisha zamu ili vijana wasafiri, na mama lishe wa pembeni ya kiwanja aliyetukopesha chai mpaka mwisho wa mwezi. Na wale tuliojazana mbele ya televisheni moja tarehe 27 Julai kuangalia Ufaransa ikiishinda Fiji 28 kwa 7 kwenye fainali ya raga ya watu saba ya Olimpiki ya Paris, mkumbuke muuza duka alitufungulia akijua hatutanunua kitu zaidi ya soda. Tumpelekee zawadi ya sikukuu, hata kilo ya mchele.

Sasa sikukuu. Kuleni, mpumzike, muwasalimu wazee. Mnaorudi kwa mabasi baada ya Mwaka Mpya, chagueni la mchana. Mnaolima, lima bila haraka na ulinde mgongo, tunauhitaji. Mapropu na mahuka, siku ya Krismasi mwanaume wa mstari wa mbele asinyanyue hata ndoo ya maji kama yupo mdogo wake wa kumsaidia. Hilo ni agizo la kocha, nami naliunga mkono.

Mazoezi yanaanza Jumanne tarehe 7 Januari, saa kumi na moja jioni, kiwanja kile kile. Kila mtu aje na kinga ya meno ya kwake na chupa ya maji. Fremu ya skramu imepasuka kiungio kimoja, fundi ameahidi kuichomelea kabla ya tarehe hiyo, na mchango wa vyuma unapokelewa na mweka hazina.

Tena, propu wetu wa kulia anaoa mwezi wa pili. Tunampongeza sana yeye na mchumba wake, na tumemkubalia asionekane mazoezini hadi Machi. Kwa hiyo huko mlikokwenda, ukikutana na kijana mpole mwenye shingo nene anayehamia Dodoma kikazi au kimasomo, mpe namba ya kocha.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya 2025.

Katibu wa klabu, Dodoma