Kikao cha Jumamosi: haki na habari

Hamjambo wenzangu,

Jumamosi tukutane Tononoka, saa nne asubuhi. Mada ni haki za binadamu na kazi yetu ya uandishi wa habari.

Tutaanza na mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa kwetu Mombasa. Sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliumiza watoto na wazee. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Nawaomba sana mfikirie: baada ya hukumu, nani anaendelea kuuliza?

Tuna nyenzo, na naona hatuitumii ipasavyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, si waandishi peke yao. Sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya serikali ikujibu ndani ya siku 21. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kila mmoja aje na swali moja la mtaani kwake, tuandike barua za kuomba taarifa papo hapo.

Picha za watoto wagonjwa msizitume humu, tafadhali. Nao wana haki yao ya faragha.