Herakles na maji ya Kopais

Ndugu Mhariri,

Hadithi za Herakles, shujaa wa Wagiriki wa kale, zinaposimuliwa kwa Kiswahili, mara nyingi huishia kwenye misuli: kaua simba, kakata vichwa vya joka, basi. Naomba kurasa zako ziwape wasomaji na upande wa maji, maana Wagiriki wenyewe waliuona zamani.

Chukua pambano lake na Achelous, mungu wa mto aliyejigeuza fahali, akavunjwa pembe. Mwanajiografia Strabo anaeleza kuwa wapo waliosema pembe ni kona za mto, na mngurumo wa fahali ni wa maji. Kwa maelezo hayo, Herakles aliudhibiti mto kwa matuta na mifereji, na nchi iliyokuwa ikifurika ikakauka.

Lakini linalonigusa zaidi ni bonde la Kopais, huko Boeotia, jimbo la Ugiriki ya kati. Mto Kephisos unaingia humo, na maji hayakuwa na njia ya kufika baharini isipokuwa mashimo yanayopita chini ya vilima vya chokaa. Mashimo yakiziba, bonde linageuka ziwa. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita watu walijenga matuta makubwa na mifereji ya kuyaongoza maji hadi kwenye mashimo hayo, wakapata ardhi ya kulima. Mabaki ya kazi hiyo yapo hadi leo. Sasa sikia walivyosimulia Wathebe, watu wa mji wa Thebe, mahasimu wa Orchomenos, mji wa kando ya bonde hilo: Herakles aliliziba shimo la mlimani, tambarare ya Orchomenos ikajaa maji. Hakuhitaji upanga. Yeyote aliyewahi kusimamia mfereji anaijua hofu hiyo.

Enzi za Aleksanda Mkuu, mhandisi Krates wa Chalkis alianza kuzibua njia zile. Alimwandikia mfalme kwamba sehemu nyingi zimeshakauka, ila ugomvi wa Waboeotia wenyewe kwa wenyewe ukaikatiza kazi. Ziwa lilikuja kukaushwa kabisa mwaka 1931.

Sisemi kila hadithi imeficha mfereji. Joka la Lerna, mahali pengine huko Ugiriki, ambalo kichwa kikikatwa huota viwili, wapo wanaolisoma kama chemchemi za kinamasi: ukiziba hapa, zinafumka pale. Lerna ina chemchemi kweli, lakini ushahidi wake haufikii ule wa Kopais.

Kwa hiyo, Mhariri, ukichapisha tena hadithi hizi, tafadhali weka kando yake ramani ya bonde la Kopais, ionyeshe mto, matuta, mashimo na mahali ilipokuwa Orchomenos. Walimu wa jiografia na wa fasihi wataitumia darasani.

Mhandisi wa maji mstaafu,
Morogoro