Shukrani kwa Mama wa Maktaba Kuu

Kwa mama uliyeketi meza ya jirani katika Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam: sikukuuliza jina, hivyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Nilikuwa nimekabidhiwa tovuti ya nyumba ya wageni ambayo ilihifadhi kila nafasi siku moja nyuma, na wateja walikwisha kuanza kudai fedha zao. Uliponisikia nikiguna, uliweka riwaya yako kando ukasema, "Mwanangu, hebu nione tarehe zenyewe kwanza." Ulinielekeza nibadili saa za kompyuta kutoka za Afrika Mashariki kwenda UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, na kosa likatoweka papo hapo. Kisha, pembezoni mwa gazeti, ulinichorea mstari kuonyesha kwamba saa sita usiku ya kwetu ni saa tatu usiku ya siku iliyotangulia kwa UTC, ndiyo maana JavaScript, lugha ya programu iliyotumika kwenye tovuti, ikipitisha tarehe hiyo kwenye toISOString, amri inayoandika tarehe kwa saa za UTC, huandika jana. Hukunipokonya kibodi, jambo linalowashinda wajuzi wengi. Ulisubiri niandike marekebisho mwenyewe, tarehe ikihifadhiwa kwa mwaka, mwezi na siku tu, bila saa. Hata soda uliikataa.

Wenzangu wa fani hii, mkimkuta mtu amekwama, ombeni kuona data yake kabla ya kumshauri abadili programu nzima.

Mama, nafasi za wageni sasa zinaingia siku yake, na mwenye nyumba amenilipa fedha zilizobaki.