Gari la kukodi ulilogonga nje ya nchi, kampuni ya bima ya gari lako la nyumbani inahusika

Ndugu Mhariri,

Nimesoma lile swali la msomaji wenu aliyekwaruza gari la kukodi akiwa safarini nje ya nchi, anauliza kama inabidi aiambie kampuni inayomkatia bima ya gari lake nyumbani, na nyie mkamjibu gari si lake, bima si yake, nchi si yake, kwa hiyo atulie. Jamani hapo mmempoteza. Nasema hivyo sababu na mimi niliwaza hivyohivyo na nusura initokee puani.

Nilikuwa narudi rivasi kwenye paking, usukani uko upande nisiouzoea, mara nasikia kruu, kumbe kuna kinguzo kifupi cha chuma ambacho kwenye kioo hakionekani kabisa. Bampa limebonyea, taa ya nyuma chali. Siku ya kurudisha gari jamaa akalizunguka na tableti yake anapiga picha, nikasaini, wakakata ekses, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, kwenye kadi yangu, nikapanda ndege. Kichwani mwangu ile haikuwa ajali, ilikuwa bili tu.

Miezi mitano baadaye bima ya gari langu inaisha, wakala ananipigia, bosi nikujazie kama mwaka jana? Nikamwambia jaza. Sasa sijui nini kilinituma nisome fomu kabla ya kusaini (kawaida sisomi, na wewe husomi), nikakuta swali: katika miaka 5 iliyopita umewahi kupata ajali, hasara au kudai bima, uwe na kosa au usiwe nalo? Na wakala kashaweka tiki kwenye HAPANA.

Hebu lisome tena hilo swali taratibu. Haliulizi gari lilikuwa la nani wala liligongwa wapi, linakuuliza wewe. Maana watu wa bima hawapimi bati peke yake, wanampima anayeshika usukani, na mkono uliogonga nguzo kule ndo huohuo unaoendesha huku. Na kulipa ekses mfukoni hakufuti ajali, kunafuta tu deni la kampuni ya kukodisha gari.

Kuna fomu zinazouliza madai tu, au ajali za gari hilo linalokatiwa bima tu, hapo sawa, jibu ulichoulizwa. Lakini msitegemee sana hilo, kwa sababu bima tangu zamani inaendeshwa kwa uaminifu wa hali ya juu, yaani sheria ya kizamani inataka mteja aseme mwenyewe jambo lolote la maana hata kama hajaulizwa. Uingereza wameshawalegezea watu wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012, sasa ni kazi ya kampuni kuuliza na yako ni kujibu kwa uangalifu bila kupotosha, ila hata huko ukidanganya kwa makusudi kampuni inaweza kuifuta bima kama haikuwahi kuwepo, hela uliyolipa ikabaki nayo, na ukikosea kwa uzembe tu wanaweza kukupunguzia fidia unayodai. Fikiria umegonga mtu barabarani, ndo siku hiyo unaambiwa huna bima. Kwa ajili ya taa ya nyuma!

Basi nikapiga simu. Dada wa upande wa pili hata hakushtuka, akauliza tarehe, kosa la nani, kuna aliyeumia, iligharimu kiasi gani. Hapo kwenye kiasi ndo niliaibika, sina risiti sina karatasi niliyosaini, nina meseji ya benki tu, ikabidi niwaandikie wale wa kule wanitumie nakala na walichukua wiki mbili. Kwa hiyo mnaosafiri zile karatasi msizitupe airport. Ada ikapanda kidogo, sikufurahi, siwezi kusema uongo.

Ila na kampuni nazo zingetusaidia, mstari mmoja tu kwenye fomu, "hata kwa gari la kukodi, hata nje ya nchi", unashindikana nini? Na nyie Mhariri naomba mumjibu upya yule msomaji kabla hajasaini.

Wakala wangu nimeshamwambia, mwakani aniletee fomu tupu, tiki naweka mwenyewe.

Msomaji wenu wa kila wiki