Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Dispensari ya Zamani

Assalaam alaykum wanachama wenzangu,

Katika mkutano wa mwaka jana tulikubaliana tuache kuuzunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar mzima kama wageni wa meli. Tukasema tushike jengo moja tulisome mpaka tulijue. Kura zikaangukia Dispensari ya zamani pale Mizingani, inayotazama bandari. Wengine mlilitaka Jumba la Maajabu, na sikuficha kwamba nami nilikuwa upande huo. Lakini tangu sehemu yake ya mbele ilipoporomoka pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha, lile si jengo la kuingia na daftari na rula.

Kwa hiyo mwaka mzima tumekwenda Dispensari. Tulikuwa tunakutana kwenye Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911, ambapo siku hizi manahodha wa boti wanakaa kivulini wakingoja abiria wa kisiwani. Kutoka hapo ni hatua chache tu. Ukifika barabarani unaona roshani za mbao zenye nakshi zimepandana ghorofa juu ya ghorofa, na vioo vya rangi. Watu hupiga picha hapo kisha wakaenda zao. Sisi tulikuwa tunatazama juu zaidi, penye mifereji ya maji ya mvua, na nitawaeleza kwa nini.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa ameshika forodha ya Sultani. Ilikuwa ni kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, na nia yake ilikuwa hospitali. Hakuiona. Alifariki mwaka 1891, na mjane wake ndiye aliyeisimamia kazi mpaka jengo likamalizika mwaka 1894. Tunasoma jina la mume kila mahali. Bibi aliyelipa mafundi mpaka mwisho hutajwa kwa kupitiwa. Mwaka 1900 jengo likanunuliwa kwa mali iliyoachwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed. Chini ikafunguliwa dispensari ya hisani, na juu zikawa nyumba za kukaa watu.

Hapo ndipo nataka tutue. Kwa zaidi ya miaka 60 jengo lile lilikuwa na dawa chini na watoto juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wasimamizi wake wakaondoka, likaingia mikononi mwa serikali, na miaka ya 70 na 80 ikalikuta halina wa kulitazama. Halikubomolewa na mtu yeyote. Liliozeshwa na maji. Mwaka 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalichukua, mafundi wetu wakafunzwa humo humo kazini, na mwaka 1996 likawa limesimama tena, safari hii kama kituo cha utamaduni, na vyumba vikakodishwa.

Mnajua namna majumba yetu yalivyojengwa: mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na juu yake boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi. Ncha za boriti zimezikwa ukutani. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta bila kuonekana, hukuta zile ncha na kuzilowesha masika mpaka masika. Siku ghorofa inapokatika, ugonjwa una miaka ishirini.

Sasa, anayelala chini ya paa linalovuja hasubiri kikao. Usiku anaweka beseni, asubuhi anamwita fundi. Chumba cha maonyesho hakiweki beseni. Kwa maoni yangu hili ndilo somo la Dispensari: jengo la zamani linahitaji mtu atakayelowa. Nimelisema hili katika vikao vitatu na kila mara nimepingwa. Bibi mmoja mwanachama wetu, aliyezaliwa katika jumba la mtaa wa Malindi, alinijibu kwamba wakaaji hao hao ndio wanaotoboa kuta kupitisha mabomba, na choo cha ghorofani kikivuja ni kibaya kuliko mvua. Sina jibu zuri. Lakini bado naona bomba bovu lenye mtu wa kulilalamikia ni nafuu kuliko paa bovu lisilojulikana na mtu.

Yako pia majengo yanayojiendesha kwa namna nyingine. Ngome Kongwe imewahi kuwa jela, na siku hizi watu wanakwenda huko usiku kusikiliza muziki. Forodha ya zamani kwa miaka mingi ilikuwa na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ukipita chini jioni ulimsikia mtu akijifunza qanuni, ile ala ya nyuzi, akikosea palepale, akirudia. Hayo nayaacha kwa mwaka ujao mkipenda.

La aibu ni letu wenyewe. Mnakumbuka chumba chetu cha ofisi, ukuta wa upande wa uchochoroni ulikuwa unabambuka, na kamati yangu, kwa haraka, ikakubali uzibwe kwa saruji. Chama kinachohubiri chokaa kikatia saruji! Ilipendeza miezi minne hivi. Kisha chini yake ukaanza kutoka unga mweupe wa chumvi, na kalenda tuliyoitundika ikawa inalowa nyuma. Tukamwita fundi mzee wa chokaa. Hakusema neno. Aligonga lipu kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kopo tupu. Akasogea hatua moja penye chokaa ya zamani akagonga tena, ikalia nzito. "Huu unapumua," akasema, "na ule mmeuziba pua." Unyevu uliokuwa unatoka taratibu kupitia chokaa ulikuwa umefungiwa nyuma ya saruji, ukapanda juu zaidi.

Tuliibandua yote. Ukuta ukaachwa wazi wiki kadhaa ukauke, tukapokea wageni huku mawe yanaonekana. Fundi alikataa chokaa ya mfuko. Alileta iliyochomwa tanuri na kulowekwa muda mrefu, laini kama samli iliyoganda, akaipaka tabaka kwa tabaka, kila moja ikingojewa. Gharama yake ndiyo sababu safari ya Bagamoyo tuliyowaahidi haikufanyika. Fedha zake zimo ukutani, na wajibu ni wangu, si wa mweka hazina.

Kuhusu ada, waliolipa wanajijua na wasiolipa pia wanajijua. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina. Tumefiwa na wanachama wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Michoro na vipimo tulivyochukua Dispensari viko kwa katibu, na yeyote anaweza kuviona.

Yamebaki mawili ya kuamuliwa leo. Kwanza, kamati inaomba kila mwaka sehemu ya ada itengwe kwa paa na mifereji ya jumba tulimopanga, kabla ya matumizi mengine yoyote, mwenye nyumba akichangia nusu kama alivyokubali. Pili, tunahitaji watu sita wa kusafisha mifereji hiyo kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi. Majina yaandikwe kwa katibu. Ngazi tunayo, ila kidato cha tatu kimelegea, kwa hiyo aje pia mtu wa kutia msumari.