Risala ya mafundi saa kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee, mafundi wenzetu na nyie vijana mnaopokea vyeti leo, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za mchana.

Mheshimiwa tunashukuru sana umekuja, tena umekuja siku ileile uliyoahidi, maana wageni rasmi waliotangulia walikuwa wanatuma mwakilishi na mwakilishi anatuma salamu.

Historia yetu ni fupi. Tulianza na vibanda Kariakoo, betri na mikanda, leo tuna katiba, akaunti ya benki, rangi mpya ukutani, na vijana hawa ambao bila aibu tunawaita wataalamu wa kimataifa, maana saa za Uswisi wamezisoma zote. Kwa simu, lakini wamezisoma.

Waulize habari za Jaeger-LeCoultre, kampuni ya saa ya Uswisi, watakwambia. Antoine LeCoultre alifungua karakana Le Sentier mwaka 1833, na 1844 akaunda kifaa cha kupima mpaka mikroni, yaani milimita moja uigawe mara elfu, mwaka 1844 huo! 1866 mafundi waliokuwa wanafanyia kazi majumbani kwao wakakusanywa chini ya paa moja, na mpaka leo nyumba hiyo imebuni mashine za saa, yaani ule mtambo wa ndani unaoendesha mishale, zaidi ya 1,200. Bamba la shaba ya njano linachongwa na mashine za kompyuta, vijigurudumu vya meno vinakerezwa kutoka kwenye fito za chuma, vinapigwa moto vikaze, vinang'arishwa, vijiwe vya rubi vinabanwa kwenye matundu yake, halafu ndo fundi anakaa na lensi jichoni anaunganisha, anatia mafuta, anapima. Tangu 1992 wana kipimo chao cha masaa 1,000, karibu wiki sita saa inageuzwageuzwa kabla haijafika dukani. Ingawa hapa katikati yetu tuseme ukweli, kampuni nyingi za kule zinazojisifia zinatengeneza kila kitu wenyewe, ile springi nyembamba ya balansi, kigurudumu kinachoyumba huku na huku kushika mwendo wa saa, bado wanainunua kampuni ya Nivarox, kwa hiyo kuongeza chumvi kwenye risala hatukuanza sisi.

Sasa Mheshimiwa tunaingia kwenye jambo lenyewe.

Zamani mashine moja ya ETA, kiwanda cha Uswisi cha mashine za saa, ulikuwa unaikuta ndani ya saa za majina mengi, kwa hiyo ukipata saa mbovu ya jina hili unaikata spea unaiponyesha ya jina lile. Mwaka 2002 Swatch Group, ambao ndo wenye ETA, wakatangaza wataacha kuwauzia wenzao mashine ambazo hazijaunganishwa, wenye pesa wakaona bora kila mtu apike kwake, na mashine za kujitengenezea wenyewe zikawa fasheni. Kwa mvaaji ni sifa. Kwa fundi wa kibandani maana yake kila saa ina spea yake peke yake, na spea hiyo ukiiulizia unajibiwa saa ipelekwe kituo chao, kituo chenyewe ng'ambo. Mteja wa Kariakoo hapeleki saa ng'ambo, anaiweka kabatini.

Dawa ni kukereza spea wenyewe. Saa ya zamani ikianguka kinachovunjika mara nyingi ni mhimili wa balansi, ncha zake unene ni milimita 0.1 hivi, huo huwezi kuutengeneza kwa tupa na macho makali. Unataka mashine ndogo ya kukereza, ya mezani, ile ya mafundi saa, wala sio kubwa kama ya karakana ya magari. Tunaomba hiyo MOJA tu, na mwalimu wa kutufundisha. Hatuombi jengo, hatuombi fulana.

Na tunaomba kwa adabu tukumbushe kwamba ombi hili sio jipya. Mgeni rasmi wa kwanza alisema mashine iko bandarini, sisi tukachonga meza yake kabisa na kuvuta umeme, hatujui ilikuwa bandari ipi. Aliyefuata alisema ameguswa sana, akatuletea kalenda za ukutani, na sisi kupima muda ndo kazi yetu, tukazipokea kwa makofi. Wa tatu alichukua namba ya katibu. Katibu hajawahi kuzima simu.

Wewe Mheshimiwa tuna imani nawe, na saa uliyovaa tuliiona toka unashuka kwenye gari, ni nzuri sana, Mungu akupe maisha marefu ya kuivaa, ila siku ikisimama ujue vijana hawa mashine yake wanaijua kwa jina na hawana cha kuitengenezea.

Kitabu cha wageni kiko mbele yako, safu ya ahadi tumeipigia mstari na pembeni kuna safu ya tarehe. Kalamu ni hiyo ya bluu.

Tunaomba kuwasilisha.